Mkanda wa jeshi: tunapima urefu, tunasahau saa

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya magonjwa ya ngozi. Kuna upele, choa, mapunye, mba, ukurutu, harara, balanga na tetekuwanga, na kila mzazi anayajua hata kama hawezi kuyatofautisha yote. Zaidi ya majina hayo, lipo moja ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini: mkanda wa jeshi. Likishatajwa, waliopo hutaka kwanza kujua umefika wapi. Umeishia ubavuni? Umevuka mgongo? Umekaribia kukutana? Maana imeaminika tangu zamani kwamba ncha mbili za mkanda huo zikikutana, mgonjwa hana siku. Hoja yangu ni kwamba jina lenyewe ni zuri, tena linabeba ukweli mkubwa kuhusu ugonjwa, ila tumelisoma vibaya. Tumeufanya mkanda kuwa kitu cha kupimwa urefu, na kwa kufanya hivyo tumeacha kuangalia mambo mawili ambayo ndiyo hasa huamua hatima ya mgonjwa: saa zilizopita tangu lengelenge la kwanza litokeze, na mahali lilipotokeza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu hofu nyingi zinatokana na kutojua unakotoka. Mkanda wa jeshi haumrukii mtu kutoka nje siku ile unapotokea. Unatoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Virusi vinavyousababisha ni vilevile vya tetekuwanga. Mtoto akiugua tetekuwanga hupona, vipele hukauka, lakini virusi havitoki mwilini. Hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye vifundo vyake vilivyo kando ya uti wa mgongo na chini ya ubongo, vikatulia humo miaka 20, 40 hata 60. Kinga ya mwili ndiyo inayovizuia visiinuke. Kinga ikilegea, kwa uzee, kwa VVU, kwa matibabu ya saratani au kwa dawa za steroidi zilizotumika muda mrefu, virusi huamka katika kifundo kimoja, vikarudi kwa njia ileile ya mshipa hadi kwenye ngozi. Wakati mwingine huamka kwa mtu ambaye hana tatizo lolote linalojulikana. Uhusiano huu na tetekuwanga ulishukiwa mwishoni mwa karne ya 19, pale János Bókay, daktari wa watoto wa Budapest, alipoona watoto wakipata tetekuwanga katika nyumba ambamo mtu mzima alikuwa na mkanda wa jeshi. Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa wagonjwa wa kawaida katika mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, aliyekuwa ameweka kumbukumbu za wagonjwa wake kwa miaka mingi, ndiye aliyeeleza kwa ukamilifu kwamba ni virusi vilevile vilivyolala na kuamka pale kinga inapopungua.

Kwa nini basi alama zijipange kama mkanda? Mishipa ya fahamu hutoka kwenye uti wa mgongo kwa jozi, mmoja kulia na mmoja kushoto, na jozi hizo ni 31. Kila mshipa una eneo lake la ngozi unalolihudumia. Mishipa ya kifuani hutoka mgongoni, ikazunguka ubavu mmoja na kuishia katikati ya kifua au tumbo. Virusi vikiamka katika kifundo kimoja, malengelenge hufuata eneo la mshipa huo bila kutawanyika ovyo, na kwa kuwa mishipa ya kiwiliwili ndiyo inayopatwa mara nyingi zaidi, mstari unaotokea huzunguka nusu ya mwili. Mwaka 1900 Henry Head na Alfred Campbell, wakifanya kazi Uingereza, walichunguza miili ya watu waliofariki wakiwa wamewahi kupata ugonjwa huu, wakalinganisha makovu ya vifundo vya mishipa na sehemu za ngozi zilizokuwa zimeathirika. Michoro yao ya maeneo ya mishipa ni kati ya misingi ya elimu ya neva hadi leo. Kwa hiyo aliyeuita ugonjwa huu mkanda alikuwa ameona sawasawa: mchoro ulio juu ya ngozi unafuata mshipa ulio chini yake.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la hofu ya ncha kukutana. Mshipa wa kulia hauhudumii ngozi ya kushoto. Malengelenge yanapofika katikati ya tumbo, au kwenye mstari wa uti wa mgongo, husimama, kwa sababu eneo la mshipa huo limeishia pale. Mkanda wa jeshi wa kawaida ni nusu mkanda, na utabaki nusu hata mgonjwa asipopewa dawa yoyote. Imani ya kukutana haikuanzia kwetu. Plinio Mzee, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, aliandika katika kitabu chake cha elimu ya viumbe kwamba ugonjwa huu huua ukimzunguka mtu. Imani iliyodumu miaka karibu 2,000 katika mabara tofauti haistahili kudharauliwa, na yupo atakayesema kuwa yeye alimwona mgonjwa aliyeenea malengelenge pande zote na hakupona. Anaweza kuwa anasema kweli. Hutokea, kwa nadra, virusi vikaamka pande mbili, au vikasambaa mwili mzima na kuingia kwenye mapafu, ini au ubongo. Hayo huwapata zaidi watu ambao kinga yao imeshuka sana. Kinachowaua ni kusambaa kwa virusi ndani ya mwili usio na ulinzi, na mzunguko unaoonekana nje ni dalili tu ya hali hiyo. Tofauti hii ina uzito. Anayeogopa ncha kukutana hukaa nyumbani akiutazama mkanda kila asubuhi, na usipokutana huhesabu kuwa amesalimika. Anayejua kuwa kusambaa ni dalili ya kinga iliyoshuka humpeleka mgonjwa hospitali, na huko huchunguzwa kilichoishusha.

Wapo wanaopendekeza jina hili liachwe, litumike la kitaalamu, tutuko zosta, ili hofu iondoke pamoja na jina. Siungi mkono. Kwanza, zosta lenyewe ni neno la Kigiriki lenye maana ya mkanda, kwa hiyo tutakuwa tumebadilisha lugha tu na picha ikabaki ileile. Waarabu huuita mkanda wa moto, wakitumia neno hizamu, lililo ndugu wa mahazamu yetu. Kila taifa lililoutazama ugonjwa huu liliona kitu kinachojizungusha mwilini na kuchoma. Pili, jina analolijua bibi kijijini ni mali kubwa katika afya ya jamii. Mgonjwa akifika dirishani akasema ana mkanda wa jeshi, mhudumu ameshapata nusu ya utambuzi. Akiambiwa tutuko zosta, atarudi nyumbani bila kujua anaumwa nini. Jina libaki. Kinachohitaji kubadilika ni maswali tunayouliza baada ya kulitaja.

Swali la kwanza liwe: lini? Ugonjwa huu huanza kabla ya kuonekana. Siku 2 hadi 4 kabla ya malengelenge, wakati mwingine zaidi, mtu huhisi upande mmoja ukichoma, ukiwasha au ukidunga. Ukiwa kifuani, husema ana kichomi. Ukiwa kiunoni, hudhani figo. Ukiwa upande wa kushoto, huogopa moyo. Hununua panadol au diklofenaki na kusubiri, na katika hatua hiyo hakuna wa kumlaumu, kwa sababu ngozi bado ni safi. Kisha hutokea wekundu, ambao kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana kama doa la zambarau au weusi uliokolea, na juu yake vishada vya malengelenge madogo yenye maji maangavu. Baada ya siku chache maji hugeuka kuwa meupe kama usaha, malengelenge hupasuka, magamba hufunga, na ndani ya wiki 2 hadi 4 ngozi hupona ikiacha baka jeusi au jeupe. Kipindi chote hicho ngozi ile haivumilii kuguswa. Kitenge kinachopepea au kola ya shati inatosha kumfanya mtu mzima apige kelele.

Dawa ya kupambana na virusi hivi ipo na haina umri mdogo: asaiklovia. Hufanya kazi kwa kuzuia virusi visizaliane, kwa hiyo manufaa yake ni makubwa pale virusi vinapozaliana kwa kasi, yaani ndani ya saa 72 za kwanza tangu malengelenge yatokeze. Baada ya hapo bado daktari anaweza kuitoa, hasa kwa mwenye kinga dhaifu, mwenye malengelenge mapya yanayoendelea kutoka au mwenye tatizo la jicho, lakini faida kubwa imeshapungua. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7. Kwa kidonge cha miligramu 200, hivyo ni vidonge 4 kila mara, 20 kwa siku na 140 kwa wiki. Nimeziandika hesabu hizo kwa makusudi. Mtu aliyeuziwa dukani karatasi moja ya vidonge 10 ameuziwa dozi ya nusu siku, na aliyeuziwa tyubu ya krimu ya asaiklovia ameuziwa kitu kisichosaidia ugonjwa huu, kwa sababu virusi viko kwenye mshipa na krimu inaishia juu ya ngozi. Krimu za steroidi zinazopakwa kwa kila muwasho nazo si za hapa. Dozi hubadilishwa kwa mwenye matatizo ya figo, na hiyo ni sababu nyingine ya kumwona mhudumu wa afya kabla ya kulifikia duka.

Hapa huja pingamizi zito kuliko yote. Wengi wamepona mkanda wa jeshi bila kugusa asaiklovia. Walipakwa majani yaliyopondwa, majivu au mafuta, wakaombewa, na baada ya wiki tatu ngozi ikarudi. Ni kweli, na sababu yake ni kwamba upele huu hupona wenyewe kwa walio wengi. Chochote kitakachofanywa siku ya tano kitapewa sifa siku ya ishirini. Majivu na majani yana hatari yake, ya kuingiza bakteria katika vidonda vilivyo wazi, lakini hasara kubwa zaidi ni zile siku tatu za kwanza zilizopita mtu akizunguka kutafuta wa kumtibu. Nako upande wa hospitali tuwe wakweli: asaiklovia si muujiza. Hupunguza maumivu ya mwanzo na kuharakisha kupona kwa ngozi, lakini majaribio ya kitabibu yaliyojumlishwa pamoja hayakuthibitisha kwamba inazuia maumivu ya muda mrefu yanayobaki kwenye mshipa. Tukiwaahidi watu zaidi ya hapo, watakaoendelea kuumwa watasema hospitali imedanganya, na watakuwa na haki.

Maumivu hayo yanayobaki yanahitaji kusemwa wazi, kwa sababu ndiyo yanayofanya majirani waseme mtu amerogwa. Ngozi imepona, baka limebaki, lakini mgonjwa bado anaungua mwezi wa tatu, wa sita, hata mwaka. Mshipa uliojeruhiwa na virusi unaendelea kutuma habari za maumivu wakati hakuna tena kidonda. Hatari ya hali hii huongezeka na umri, na wazee ndio wanaoumia zaidi na ndio wanaoaminiwa kidogo zaidi wakilalamika. Panadol huwa haitoshi. Dawa zinazosaidia ni pamoja na amitriptilini, inayojulikana zaidi kwa matibabu ya sonona, na gabapentini, inayotumika pia kwa kifafa. Mara nyingi mgonjwa husoma karatasi ya dawa, akaona sonona au kifafa, akazitupa akidhani amehesabiwa kuwa ana ugonjwa wa akili. Dakika mbili za maelezo ya mtoa dawa zingezuia hilo. Kumwambia mzee kwamba mshipa wake ndio ulioumia, na kwamba maumivu yake ni ya kweli, nako ni tiba.

Swali la pili liwe: wapi? Hapa jina letu lina upungufu ambao lazima tuukiri. Neno mkanda humfanya mtu atafute kiunoni na kifuani, lakini takriban mgonjwa mmoja hadi wawili kati ya kila 10 hupatwa usoni, katika tawi la mshipa wa fahamu linalohudumia paji la uso, kope na jicho. Hapo hakuna anayesema mkanda. Husemwa kwamba mdudu amemgusa usiku, au ni aleji ya mafuta ya nywele. Malengelenge hujipanga upande mmoja wa paji hadi ndani ya nywele, kope huvimba, na mshipa uleule unaweza kupeleka virusi kwenye kioo cha jicho. Asipotibiwa, uwezekano wa jicho lenyewe kuathirika ni karibu nusu kwa nusu, na kati ya madhara yake ni makovu, presha ya jicho na upofu. Jonathan Hutchinson, daktari wa Uingereza wa karne ya 19, aliacha alama rahisi ya kukumbuka: malengelenge yakitokea kwenye ncha au ubavu wa pua, jicho liko hatarini, kwa kuwa ncha ya pua na mboni zinahudumiwa na kitawi kimoja. Alama hiyo haihitaji darubini. Mama yeyote anaweza kuiona kwa mwanga wa dirisha. Vivyo hivyo malengelenge ndani ya sikio yakifuatana na mdomo kwenda upande hayatokani na pepo wala kiharusi. Ni virusi hivihivi katika mshipa wa uso, na nayo ni dharura.

Linabaki jambo ambalo limeufanya mkanda wa jeshi utajwe kwa kunong'ona: UKIMWI. Hofu hii ina historia ya kweli. Miaka ya 1980, kabla vipimo havijaenea, madaktari wa Kinshasa na Rwanda waligundua kwamba watu wazima wenye umri mdogo waliopata mkanda wa jeshi walikuwa kwa wingi mno na VVU, na tafiti zao zilichapishwa 1988. Kovu la ubavuni likawa ushahidi kabla ya damu kupimwa. Nchini Tanzania, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983, watu walijifunza kulisoma kovu hilo wao wenyewe, na wengi walivunjiwa uchumba na kazi kwa baka moja la mgongoni. Hadi leo Shirika la Afya Duniani limeuweka mkanda wa jeshi katika hatua ya pili kati ya nne za VVU. Basi wapo watakaosema tusiutenganishe na VVU, kwani hofu hiyo ndiyo inayowapeleka watu kupima. Nakubali nusu. Kijana mwenye mkanda wa jeshi apimwe VVU, bila kusitasita, na kipimo ni bure katika vituo vya umma. Lakini kovu haliwezi kuchukua nafasi ya kipimo. Mzee wa miaka 70 mwenye ugonjwa huu, mara nyingi umri wake unatosha kuueleza. Mwenye kisukari, anayetibiwa saratani na kijana mwenye afya kamili nao hupata. Jamii ikishaamua kwamba mkanda maana yake ni UKIMWI, mgonjwa hufunika malengelenge kwa nguo, na saa 72 zinapita akiwa amejificha. Hofu hiyo haimpeleki kupima, inamzuia kuonekana.

Kwa wanaoishi na VVU kuna onyo la ziada. Mkanda wa jeshi unaweza kutokea miezi ya mwanzo baada ya kuanza ARV, pale kinga inapoanza kurudi na kupambana na virusi vilivyokuwa vimelala. Mgonjwa huona dawa zimemletea ugonjwa, akaziacha. Asiache. Aende kliniki na malengelenge yake, atibiwe huku akiendelea kumeza.

Kuhusu kuambukiza, mwenye mkanda wa jeshi hawezi kumpa mwingine mkanda. Maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua wala kuchanjwa, na katika nchi za joto watu wengi hufika utu uzima bila kuipata, kwa hiyo mjamzito na mtoto mchanga wakae mbali mpaka magamba yafunge. Vidonda vifunikwe kwa kitambaa safi, mikono ioshwe. Hakuna sababu ya kumtengea sahani. Chanjo ya kuzuia ugonjwa huu ipo duniani. Ile inayotumika zaidi sasa iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, hutolewa kwa dozi 2 kuanzia miaka 50, na katika majaribio ilipunguza hatari kwa zaidi ya asilimia 90. Haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo Tanzania, na kwa wazee wetu wengi itabaki mbali kwa muda. Kwa hiyo silaha tuliyo nayo ni kuwahi.

Basi wauza dawa, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na sisi wanafamilia tubadilishe maswali. Ukiona malengelenge yaliyojikusanya upande mmoja wa mwili, usiulize yamefika wapi. Uliza yameanza lini, na umpeleke mgonjwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Yakiwa kwenye paji la uso, kope, pua au sikio, usisubiri kesho. Mpeleke hospitali yenye daktari wa macho, au anayeweza kumpa rufaa, kabla jua halijazama.